Vyaelea, Lakini Viliundwa na Nani? Kumpima Lincoln Riley na Makwotabeki Wake

Leo naweka msimbo kando kidogo tuzungumzie futiboli. Si ile ya Gor na Ingwe, bali ile ya Wamarekani, ya kofia ngumu na mpira uliochongoka pande zote mbili. Wanaonijua wanajua kwamba kuanzia Septemba hadi Desemba, Jumamosi usiku huwa sipatikani, kwa sababu vyuo vya Marekani vinacheza. Na kama mchezo wenyewe huujui, usiondoke bado. Suala la leo ni lile lile tunalolirudia hapa kila mara: ukiona kitu kizuri kimetoka upande wa pili wa mashine, utajuaje kama ni mashine iliyokitengeneza au kiliingia kikiwa kizuri tayari?

Mashine ya leo ni binadamu. Anaitwa Lincoln Riley, kocha wa Chuo Kikuu cha Oklahoma tangu 2017 hadi mwishoni mwa 2021, kisha akahamia USC kule Los Angeles. Sifa yake kubwa ni moja: makwotabeki. Wanasema ukimpa kijana wako, atakurudishia nyota. Mimi nasema sifa hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imejumlishwa vibaya, na ushahidi wake mzuri zaidi ni ule ambao hakuna anayeutaja.

Kwanza kwa wageni. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu katika kila shambulizi. Ana kama sekunde tatu kusoma jinsi mabeki walivyojipanga na kuamua ampasie nani, huku majitu ya kilo 130 yakimjia. Akipasi vizuri hadi mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6. Akipasi vibaya, adui anaudaka mpira na shambulizi linaishia hapo. Na ni mmoja tu anayecheza, kama golikipa. Hakuna habari ya kumpa kijana dakika 20 za mwisho kila wiki apate uzoefu. Chuo kikubwa huwa na makwotabeki wanne au watano, mmoja anacheza na wengine wanatazama. Tena kwa kawaida mwanafunzi hupewa misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Hesabu hiyo haina huruma.

Kwa hiyo kijana wa miaka 17 anayechagua kocha anaweka dau kubwa kuliko analoweza kulielewa. Mzazi wake pia. Tangu 2021 wachezaji waliruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, mwaka huo huo wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Pesa ni nyingi. Lakini miaka ni ile ile michache, na ukimchagua kocha kwa kuangalia bango la ukutani unaweza kuipoteza yote.

Sasa tulitazame bango lenyewe. Baker Mayfield: Tuzo ya Heisman 2017, yaani mchezaji bora wa vyuo, kisha wa kwanza kuchaguliwa katika drafti ya NFL 2018. (Drafti ni siku ambayo timu za kulipwa huchagua vijana kwa zamu, timu mbovu ikitangulia.) Kyler Murray: Heisman 2018, wa kwanza kwenye drafti 2019. Jalen Hurts: wa pili kwenye kura za Heisman 2019, na Februari 2025 akawa mchezaji bora wa Super Bowl. Caleb Williams: Heisman 2022, wa kwanza kwenye drafti 2024. Mtu akikuonyesha orodha kama hiyo utasema huyu si kocha, ni mganga.

Wahenga walisema usione vyaelea, vyaundwa. Naam. Lakini viliundwa na nani, na kwenye gati gani?

Tuanze na Mayfield. Riley hakumsajili. Mayfield alianza Texas Tech mwaka 2013 bila hata ufadhili wa masomo, akacheza akiwa mwaka wa kwanza, akapata tachidauni 12 za pasi na pasi 9 zikanaswa na wapinzani. Akahamia Oklahoma mwanzoni mwa 2014, tena bila ufadhili, wakati kocha mkuu akiwa Bob Stoops. Riley alifika Januari 2015 kuongoza mashambulizi na kumkuta kijana pale pale, amekaa nje msimu mzima kwa sababu ya sheria za uhamisho za wakati huo. Kwa hiyo katika safu ya usajili, Riley anapata sifuri kwa Mayfield. Katika safu ya kukuza, anapata alama nyingi. Msimu wa 2015 tachidauni zilikuwa 36 na pasi zilizonaswa 7. Mwaka 2017 zikawa 43 dhidi ya 6, na zaidi ya pasi 70 katika kila 100 zilifika. Huyu ni mtu yule yule aliyepimwa kabla na baada, na ndicho kipimo pekee ninachokiamini. Hata ukitoa ukomavu wa umri na wachezaji wenzake walio bora zaidi, kinachobaki si kidogo.

Murray naye alitoka Texas A&M, ambako msimu wa 2015 alipata tachidauni 5 za pasi na pasi 7 zikanaswa. Ukisoma namba hizo peke yake utadhani Riley aliokota jiwe akalifanya almasi. Lakini kabla ya hapo, katika shule ya sekondari ya Allen kule Texas, Murray hakuwahi kupoteza mechi hata moja aliyoianza, na alichukua ubingwa wa jimbo mara tatu. Mwaka 2018, kabla hajaanza hata mechi moja muhimu Oklahoma, timu ya besiboli ya Oakland ilimchagua wa tisa katika drafti ya mchezo ule mwingine kabisa. Almasi ilikuwa almasi. Alichofanya Riley, na ninampongeza, ni kumweka kivulini misimu miwili: 2016 hakuruhusiwa kucheza, 2017 alikuwa nyuma ya Mayfield. Alipotoka kivulini alipata tachidauni 42 za pasi dhidi ya 7 zilizonaswa, akakimbia na zaidi ya yadi 1,000 juu yake. Misimu miwili ya kujifunza bila presha. Kumbukeni hilo, maana siku hizi ni vigumu kulipata.

Hurts ndiye anayenichekesha anapowekwa kwenye bango. Alifika Oklahoma Januari 2019 akiwa tayari na shahada yake kutoka Alabama, na alikwisha kuanza fainali mbili za kitaifa. Alikaa na Riley msimu mmoja. Msimu huo ulikuwa mzuri sana: tachidauni 32 za pasi, 20 za kukimbia mwenyewe, na pasi zilizofika zikawa karibu 70 katika kila 100. Watu hulinganisha hiyo na 60 ya Alabama mwaka 2017 na kusema, mnaona? Wanasahau 2018. Mwaka huo Hurts alikuwa wa akiba Alabama, na katika pasi chache alizopewa zilifika karibu 73 katika kila 100. Alikuwa ameanza kupanda kabla ya kubeba mizigo yake kwenda Oklahoma. Halafu kati ya msimu ule na Super Bowl ya 2025 kuna miaka mitano ya Philadelphia, ambayo ilimchagua wa 53. Kumpa Riley medali hiyo ni kama mwalimu wa zamu kudai shahada ya udaktari ya mtoto aliyekaa naye muhula mmoja.

Wakenya tunaijua hadithi hii. Enzi za KCPE, ambayo mtihani wake wa mwisho ulifanywa 2023, shule za kitaifa zilichota watoto wenye alama 400 na kitu katika 500, na miaka minne baadaye, matokeo ya KCSE yakitoka, mwalimu mkuu anabebwa juu juu kwenye habari za saa moja. Shule ya kata iliyochukua mtoto wa alama 230 ikamtoa na C+ haikubebwa na mtu. Ipi imefundisha zaidi? Ukiwa na safu moja tu ya matokeo huwezi kujibu. Unahitaji safu ya kilichoingia.

Basi nikatengeneza jedwali langu, safu mbili, na kulipitia upya. Hao watatu wa kwanza waliletwa wakiwa wamepikwa nusu mahali pengine. Sasa swali gumu: wale ambao Riley mwenyewe aliwachagua wakiwa watoto wa sekondari, akawalea tangu siku ya kwanza, waliishia wapi?

Spencer Rattler, wa kundi la 2019, alikuwa kwotabeki mwenye nyota tano, juu kabisa ya orodha za nchi nzima. Mwaka wa kwanza alitazama Hurts akicheza. Mwaka 2020 alianza, tachidauni 28 dhidi ya 7 zilizonaswa, na Oklahoma ikachukua ubingwa wa Big 12. Msimu wa 2021 watu wakamtaja kuwa angeshinda Heisman. Badala yake akakwama. Alianza kuogopa pasi ndefu, mashabiki wa nyumbani wakaimba jina la mtu mwingine wakati yeye yuko uwanjani, na tarehe 9 Oktoba 2021 kule Dallas, Texas ikawa imeongoza 28 kwa 7 katika robo ya kwanza. Riley akamtoa. Akaingia mtoto wa mwaka wa kwanza, Caleb Williams, na Oklahoma ikashinda 55 kwa 48.

Kama uamuzi wa siku ile, sina la kusema. Ulikuwa sahihi, na makocha wengi wangesubiri mpaka jahazi lizame. Lakini tunapima ukuzaji, na katika ukuzaji siku ile ni ushahidi dhidi yake: kijana wa kwanza aliyemchagua mwenyewe Oklahoma na kumpa usukani aliondolewa katika mechi ya sita ya mwaka wake wa pili wa kuanza, akiwa hajasonga mbele hata hatua. Rattler alihamia South Carolina. Novemba 2022 aliifunga Tennessee tachidauni sita za pasi katika ushindi wa 63 kwa 38. NFL ikamchukua 2024, raundi ya tano. Si jina lililoanguka kabisa, ila si lile lililotangazwa.

Williams ndiye kielelezo chake chenye nguvu zaidi, na pia ndiye kigumu kusoma. Nguvu iko wazi: alimsajili mwenyewe, akahama naye kwenda USC, akampa tachidauni 42 dhidi ya 5 zilizonaswa mwaka 2022. Ugumu ni huu. Mtoto anayeingizwa katikati ya mechi ya watani wa jadi, timu iko chini, akaipindua, amekuja na vingi kutoka nyumbani. Na kipimo changu cha kabla na baada kinasema nini kuhusu 2022 na 2023? Tachidauni zilishuka hadi 30, zilizonaswa zikabaki 5, USC ikatoka ushindi 11 na vipigo 3 hadi 8 kwa 5. Haki itendeke: ulinzi wa USC mwaka ule ulikuwa kama wavu wa samaki, na kocha wa ulinzi, Alex Grinch, alifukuzwa kabla msimu haujaisha. Hilo si kosa la Williams.

Lakini kulikuwa na tabia moja iliyomwandama tangu 2021, nayo ni kuushikilia mpira muda mrefu akingoja muujiza. Chuoni muujiza ulikuja mara nyingi, kwa hiyo hakuna aliyemkataza kwa dhati. Wenzangu wa programu mnaijua hali hii. Kuna kipande cha msimbo kibaya ambacho kila mtu anajua ni kibaya, lakini kwenye tarakilishi yangu kinafanya kazi, basi kinaachwa. Siku ya kukipeleka kwa wateja ndipo kinapoumbua watu. Mwaka wake wa kwanza Chicago, 2024, Williams aliangushwa na mpira mkononi mara 68, nyingi kuliko kwotabeki yeyote katika ligi. Sehemu kubwa ya lawama ni ya ukuta wa mbele wa Chicago, ambao ulikuwa hafifu. Sehemu iliyobaki naiandika kwenye safu ya Riley, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu kukuza kijana ni pamoja na kumnyima kitu kinachompendeza leo.

Halafu kuna wasioonekana kwenye bango kabisa. Tanner Mordecai, kundi la 2018, alishindwa na Rattler mwaka 2020, akaenda SMU na msimu wake wa kwanza huko, 2021, akapata tachidauni 39 za pasi. Chandler Morris, kundi la 2020, aliondoka baada ya mwaka mmoja. Akapitia TCU na North Texas, na 2025 akaiongoza Virginia hadi fainali ya ACC. Malachi Nelson, kundi la 2023, nyota tano, alikuwa ameiahidi Oklahoma akamfuata Riley hadi USC, na kabla mwaka haujaisha alikwisha kujiandikisha kuhama. Boise State hakupata nafasi, akaishia UTEP.

Ukiwa na haraka utasema: ona, anawafukuza wazuri. Mimi sisemi hivyo. Kiti ni kimoja, na wanne kati ya watano lazima wakose. Mordecai na Morris kwa kweli wanamtetea Riley katika jambo moja, kwamba jicho lake la kuchagua si bovu, maana hata wa akiba zake wakienda kwingine wanacheza na kushinda. Ila wanamuuliza swali kuhusu jambo la pili. Kama jicho ni zuri hivyo, na mafunzo ni mazuri hivyo, mbona kila mara aliyevuna ni shamba la jirani?

Na hili si la Riley peke yake. Joe Burrow aliondoka Ohio State mwaka 2018 baada ya kukosa kiti hicho hicho, ambapo kocha wa makwotabeki alikuwa Ryan Day, mtu mwingine mwenye bango refu. LSU msimu wa 2018 Burrow alipata tachidauni 16. Msimu wa 2019 akapata 60. Ndiyo, sitini, na saba kati ya hizo alizitupa katika kipindi cha kwanza dhidi ya Oklahoma ya Riley na Hurts, siku waliyofungwa 63 kwa 28. Nani apewe sifa? Steve Ensminger aliongoza mashambulizi misimu yote miwili. Joe Brady aliongezwa 2019 kupanga pasi. Msimu wa 2020 Brady na Burrow wote hawapo, wapokeaji wakali wameondoka, LSU ikashinda tano na kupoteza tano. Unapobadilisha vigeu vitatu kwa wakati mmoja halafu programu ikaanguka, huwezi kumnyooshea kidole kimoja. Ndivyo hivyo pia ilipokuwa inapaa.

Tofauti ya kuchagua na kukuza inaonekana vizuri zaidi kwa Josh Allen. Hakuna chuo kikubwa kilichomtaka. Alipita chuo kidogo cha Reedley, California, kisha Wyoming ya kocha Craig Bohl ikamchukua. Kuchagua: alama zote, piga makofi. Kukuza: mwaka 2016 pasi zilizofika zilikuwa 56 katika kila 100, na 2017 zikawa 56 tena. Bado NFL ilimchukua wa saba mwaka 2018 kwa ajili ya mkono wake, na ni Buffalo ndiko zilikofika 69 mwaka 2020. Wyoming iliona kilichofichika, Buffalo ikakifanyia kazi. Mtu akikuambia Bohl alimkuza Allen, mwulize kwa namba ipi.

Nirudi kwa Riley. Jambo jingine linaloharibu hesabu ni wenzao uwanjani. Ule ukuta wa Oklahoma wa 2018, uliomlinda Murray, ulitoa watu wanne kwenye drafti moja ya 2019. Mpokeaji Marquise Brown alichukuliwa raundi ya kwanza 2019, CeeDee Lamb raundi ya kwanza 2020. Ukinipa mimi ukuta ule na wapokeaji wale, pengine na mimi ningepata yadi mbili tatu kabla sijapelekwa hospitali. Kuna sifa ya kusajili hapo pia, lakini ni ya kusajili timu, si ya kukuza kwotabeki.

Sasa ule ushahidi niliowaahidi. Kabla ya Oklahoma, tangu 2010 hadi 2014, Riley aliongoza mashambulizi ya East Carolina, chuo cha Greenville, North Carolina, ambacho hata Wamarekani wengi hawajui kiko jimbo gani. Mwaka 2010 walimsajili kijana kutoka Texas aitwaye Shane Carden, ambaye hakuwa jina kubwa kwa yeyote. Walimkalisha. Alianza 2012. Mwaka 2013 alivuka yadi 4,000 za pasi, mwaka 2014 akavuka tena na kutajwa mchezaji bora wa mashambulizi katika kongamano lao. Mpokeaji wake mkuu, Justin Hardy, aliingia chuoni bila ufadhili wowote, akaondoka akishikilia rekodi ya kitaifa ya kudaka pasi nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya vyuo. Drafti ya 2015 Carden hakuchaguliwa na timu hata moja.

Tazameni vizuri. Kilichoingia: watoto ambao wakubwa hawakuwataka. Ukuta: wa kawaida. Muda: misimu mitano mahali pamoja, wakufunzi wale wale, mfumo ule ule wa Air Raid ambao Riley aliurithi kwa Mike Leach akiwa mwanafunzi Texas Tech. Kilichotoka: mashambulizi yaliyotisha vyuo vyenye bajeti kubwa zaidi. Kwa kuwa Carden hakwenda NFL, hakuna anayembandika ukutani, na hapo ndipo ninapokosana na wanaojiita wachambuzi. Wanampima mwalimu kwa urefu wa mwanafunzi. Carden hakuwa na mwili wala mkono wa Murray. Alifika hadi pale kipaji chake kilipoweza kufika, na mtu fulani alimfikisha. Ukiniuliza Riley alipata wapi haki ya kuitwa mkuza makwotabeki, nitakutajia Greenville kabla ya kukutajia Heisman yoyote.

Hukumu yangu basi. Kwa kuchagua, yuko juu. Kwa kumchukua kijana aliyekwisha kuanza kuiva na kumpangia mchezo unaomfaa, katika miaka hii sijaona anayemzidi, na Mayfield ni ushahidi ambao hauwezi kuuvunja. Kwa kumchukua mtoto wa sekondari mwenye jina kubwa na kumpandisha ngazi mwaka hadi mwaka, jedwali langu lina mmoja na nusu katika zaidi ya miaka kumi ya vyuo vikubwa: Williams, na ile 2020 ya Rattler. Huo ni ushahidi mwembamba kwa mtu mwenye sifa nene namna hiyo.

Wala sidhani amesahau kazi. Nadhani hailipi tena kuifanya. Mwaka 2024 USC ilianza na Miller Moss, kijana aliyekuwa amesajiliwa kabla Riley hajafika, akangoja miaka mitatu, akapata tachidauni sita za pasi kwenye Holiday Bowl ya Desemba 2023. Alipoyumba Novemba, nafasi ikachukuliwa na Jayden Maiava, aliyehamia kutoka UNLV akiwa tayari na msimu mmoja wa kuanza. Moss akaenda Louisville. Ukishaweza kununua kilichoiva sokoni, nani atamwagilia mche miaka mitatu? Kampuni za programu hapa Nairobi zinafanya hivyo hivyo, na moja ninayoifahamu huandika kwenye matangazo yake ya kazi kwamba inakuza vipaji, halafu mstari wa pili inadai uzoefu wa miaka mitano.

Kama mzazi wa kijana wa miaka 17 angeniomba ushauri kabla ya kutia sahihi, nisingemzuia asiende kwa Riley. Ningemwambia aulize maswali mawili akiwa kwenye kochi la ofisi ile, chini ya zile picha. La kwanza: katika makwotabeki uliowasajili kutoka sekondari miaka minne iliyopita, ni wangapi wako hapa leo? La pili: nionyeshe mmoja ambaye mwaka wake wa pili wa kuanza ulikuwa bora kuliko wa kwanza, na unieleze ulimbadilisha nini. Kocha mwenye majibu ataanza kuchora kwenye ubao. Asiye nayo ataelekeza mkono kwenye picha ya Mayfield.

Jedwali bado lina nafasi. Nikipata muda nitamweka Dabo Swinney wa Clemson kwenye safu zile zile mbili, maana huyo ana Deshaun Watson na Trevor Lawrence upande mmoja, na upande wa pili ana DJ Uiagalelei, nyota tano, ambaye msimu wa 2021 alitupa tachidauni 9 na pasi 10 zikanaswa. Mwenye kocha mwingine anayetaka apimwe aniandikie jina lake, ila alete na safu ya kilichoingia.